Unamfahamu Vipi Mfiwa?

Mwanafunzi wa mwisho niliyemsimamia kabla ya kustaafu alitajwa kuwa mshauri wa mteja wake mbele ya ukumbi mzima wa waombolezaji, Doonside, magharibi mwa Sydney, Jumamosi mchana, akiwa ameshika sahani ya wali na maharagwe. Yeye mwenyewe hakuwa amesema neno. Kwa sababu hiyo shahada yake ya uzamivu imesimama, na hadi leo hakuna anayeweza kuniambia kama itasonga.

Nitafika huko. Mmeniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii, na siwezi kuanzia Doonside, kwa sababu mtu asiyejua jinsi tunavyofundishwa ataona jambo lenyewe ni dogo. Mishahara na vyeo nitaviruka. Kila cheo nilichopewa kiliniongezea mikutano na kunipunguzia wateja, basi.

Nilikuja Sydney nikiwa mwalimu wa shule ya upili kutoka Nakuru, nikidhani nitaendelea kushika chaki. Shule hapa zilitaka nianze upya, na nikaona kama ni kuanza upya, afadhali nianze kitu kingine. Nilipompigia dada yangu simu kumwambia nasomea ushauri nasaha, aliuliza, "Kwani huko hawana shangazi?"

"Wanao," nikamwambia. "Ila hawajasajiliwa."

Sikuwa natania. Ili Bodi ya wanasaikolojia ikusajili, kwanza unasoma saikolojia miaka minne, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni takwimu. Mtu anayeingia darasani akitaka kuwasaidia watu hukaa muda mrefu kabla ya kukutana na mtu yeyote. Kisha, kwa tuliochagua njia ya uzamivu, kulikuwa na masomo mengine, tasnifu, na mafunzo ya vitendo katika vituo kadhaa tofauti, kila kimoja chini ya msimamizi aliyeidhinishwa. Saa unazokaa na wateja zinahesabiwa. Saa unazokaa na msimamizi mkizungumzia saa hizo zinahesabiwa pia. Vikao vinarekodiwa na mtu mwingine anakaa kuvitazama. Ukimaliza yote hayo na kusajiliwa, unasimamiwa tena kwa kipindi ndipo uruhusiwe kujiita mwanasaikolojia wa ushauri nasaha. Wakati wote huo nyumbani wanaamini unasomea udaktari, na wanakutumia picha za vipele.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Cabramatta, ghorofa ya juu, chini yake duka la vitambaa. Msimamizi wangu aliitwa Joan, mwanamke mwembamba aliyekuwa amezaliwa na kukulia jijini hapa, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza hakunifundisha nadharia yoyote. Alinifundisha kupanga chumba. Viti visitazamane uso kwa uso kama polisi na mshukiwa. Vikae kwa pembe, ili mteja akitaka kutazama dirisha atazame bila kugeuza shingo. Saa ya ukutani iwe nyuma ya mteja, wewe uione, yeye asione ukiiona. Sanduku la karatasi laini liwe mahali ambapo mteja analifikia mwenyewe, kwa sababu ukimpa wewe ni kama kumwambia machozi yametosha.

"Na kiti chako," Joan akasema, "kisiwe kirefu kuliko chake."

Kiti changu kilikuwa kibovu. Kilikuwa kikishuka taratibu kadiri unavyokikalia. Mteja wangu wa kwanza, mwanamume mzima mwenye duka la vyombo sokoni, alianza kikao akinitazama usoni na kukimaliza akinitazama utosini. Alieleza mambo mazito siku ile kuliko alivyowahi kumweleza mtu yeyote. Joan alipoitazama kanda alisema tusikitengeneze.

Zile kanda ndizo zilizonifunza kazi. Kama hujawahi kujisikiliza ukimsikiliza mtu, jiandae. Niligundua kwamba nasema "mm" hata mtu anapokohoa. Joan alinipa wiki mbili nichague ni "mm" zipi nazihitaji.

Mteja huyohuyo wa vyombo ndiye aliyenifundisha somo la mtaani. Sheria yetu inasema ukikutana na mteja nje ya chumba, usimsalimie kwanza, kwa kuwa huenda yuko na mtu asiyejua kwamba anakuja kwako. Nikakutana naye sokoni, amesimama kando ya mizani ya samaki. Nikafuata sheria. Nilipita kama nimempita mtu nisiyemjua. Wiki iliyofuata alikaa kwenye kiti, akaitazama saa iliyo nyuma yake kwa kugeuka kabisa, akauliza alinikosea nini.

Nilimpelekea Joan malalamiko yangu. Nilimwambia kwamba nilikotoka mimi, mtu mzima asiyesalimia amekutangazia ugomvi.

"Basi mwambie mapema," Joan akasema. "Kikao cha kwanza, kabla hajalia. Mwambie mkikutana nje, hutamsalimia kwanza. Yeye ndiye ataamua."

Tangu siku hiyo nimelisema hilo kwa kila mteja na kumfundisha kila mwanafunzi. Ni sentensi mbili tu na zimeokoa mengi. Hazikutuokoa Doonside.

Nilipokuwa msimamizi mwenyewe, sikuwa mpole, na nasema hivi ili msije mkadhani yanayofuata ni huruma ya mzee anayestaafu. Nimewahi kumkatalia mwanafunzi aliyemsimulia mkewe habari za mteja, bila jina, wakiwa wanapika. Alijitetea kwamba mkewe si mtu wa maneno. Nikamwambia hata yeye hakutakiwa kuwa mtu wa maneno, na kwenye ripoti yake nikaandika "bado," yaani hajafikia kiwango. Alirudia kituo kizima. Leo ni mshauri mzuri, na nasikia jikoni kwake hakuna mazungumzo.

Sasa Amani. Alikuja kwangu Blacktown kwa kituo chake cha mwisho. Kwao ni Bukavu. Alifika Australia na familia yake akiwa kijana, akasoma huku akipakia mizigo kwenye ghala moja huko Minto. Alikuwa na miguu mirefu na daftari safi, na aliniita Maman tangu siku ya kwanza, jambo ambalo sikulikataza kwa kuwa majina mengine yote aliyojaribu kuniita yalikuwa mabaya zaidi. Kozi yake chuoni ilikuwa imetangazwa kufungwa. Kundi lake ndilo la mwisho. Maana yake ilikuwa wazi kwetu sote: mwanafunzi wa miaka ya nyuma akipata "bado" alirudia kituo. Amani akipata "bado," hakuna kozi ya kurudia.

Mteja aliyemshinda kila mtu kabla yake nitamwita Mama Neema. Jina nimelibadilisha, na ukurasa huu nimemsomea mwenyewe akaukubali kwa mdomo, ingawa alilalamika kwamba ningemtafutia jina la kifahari. Ni mjane, amelea watoto wake katika nchi tatu, na alikuja kwetu kwa sababu alikuwa ameacha kulala. Mshauri wa kwanza alitumia mkalimani wa simu. Mkalimani alipomsikia akijieleza alisema, "Ee! Mama Neema, ni wewe?" Alikuwa shemeji yake. Mama Neema alikata simu na hakurudi kwa miezi. Kanisani kwake watu walikuwa wakisema kwamba wanaoenda kwa washauri ni wendawazimu, na kwamba serikali huwachukulia watoto. Siri hii kwake haikuwa mapambo.

Tulipopata mwanafunzi anayeongea Kiswahili cha kwao, ambaye kanisa lake liko Minto na si Doonside, tulimpigia Mama Neema simu. Akaja. Kikao cha kwanza, kabla hajalia, Amani alimwambia zile sentensi mbili. Nililitazama jambo hilo kwenye kanda.

"Sasa mutoto anapita mama yake bila kusalimia?" Mama Neema akauliza. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Chuo kikuu, Maman."

"Aa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata jibu la mambo mengi.

Walikutana kila Alhamisi. Taratibu akaanza kulala. Amani alikuwa na kipaji ambacho hakifundishwi: aliweza kunyamaza bila kuonekana anasubiri zamu yake. Nilianza kuandika ripoti yake ya mwisho kwa utulivu, nikijua nitamaliza naye na kukabidhi funguo.

Kisha kaka yake Mama Neema akafariki, huko kwao. Hapa hakukuwa na mwili wa kuzika, lakini kilio lazima kikae, na Wakongo wa Sydney hawakai kilio kwa makanisa. Wanakaa wote. Ukumbi ulikodiwa Doonside, na kwaya ya Minto ikaombwa kuimba. Amani huimba besi katika kwaya ya Minto.

Alikuja ofisini kwangu amelegea. "Maman, nifanye namna gani? Nisipoenda, kwaya itauliza. Nikienda, chuo kitauliza."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema nije kuimba, na nisimuletee habari za chuo kwa kilio."

Hili ndilo jambo ambalo vitabu vyetu havina. Msibani, anayeonekana ni yule ambaye hakuja. Amani angebaki nyumbani, kabla ya chai watu wangeanza kujiuliza kuna nini kati ya kijana wa besi na mfiwa. Nikampigia mratibu wa chuo. Anaitwa Claire, ni mtu makini na mwenye haki, na msinielewe vibaya mbele ya safari. Alikubali aende, kwa masharti kwamba tupange kila kitu mapema na tuandike.

Tukapanga. Angekaa na kwaya. Angempa mkono mfiwa katika foleni pamoja na wengine na kusema pole, si zaidi. Chakula angekula, kwa sababu kukataa chakula ni kujitangaza. Angebeba viti, kwa sababu vijana hubeba viti. Asingekaa karibu na watoto wa mfiwa. Tulikaa mezani watu wawili ambao kati yetu tumeshahudhuria misiba isiyohesabika, tukaandika hadi atakapoegesha gari. Hakuna aliyekumbuka utambulisho. Ni kama kupanga harusi na kusahau kwamba watu wataongea.

Nilikuwepo. Akina mama wa Kenya wa Blacktown tulipeleka chapati, kama tunavyopeleka kila mara, nami nikakaa nyuma karibu na birika. Mambo yalikwenda sawasawa. Amani aliimba, akabeba viti, akatoa pole kwa sauti ileile aliyoitumia mtu wa mbele yake. Chakula kikagawiwa. Ndipo mzee Safari, msema chochote, yaani mshereheshaji, wa siku hiyo, mtu mrefu mwenye tai pana, akachukua kipaza sauti na kusema kwamba mfiwa angependa kujua ni nani wamekuja kumfariji. Kila mmoja asimame, aseme jina, ametoka wapi, na anamfahamu vipi mfiwa.

Niliweka kikombe chini.

Walianza safu ya mbele. Jirani. Binamu. Tulikuwa naye kambini. Anamtengenezea nywele. Ilipofika kwangu nilisema mimi ni mama kutoka Blacktown, nimekuja na wenzangu kumfariji, na kila neno lilikuwa la kweli. Kisha mzee Safari akageukia kwaya.

"Wewe, kaka wa besi! Unaimba kama simba, lakini unajificha nyuma ya sahani. Simama!"

Amani akasimama na sahani yake. "Naitwa Amani."

"Amani wa wapi?"

"Bukavu. Na hapa, Minto."

"Karibu. Unamufahamu mufiwa namna gani?"

Amani alifungua mdomo, akaufunga. Angeweza kusema amekuja na kwaya, na mambo yangeisha. Aliniambia baadaye kwamba neno hilo lilimjia, lakini mteja wake alikuwa akimtazama moja kwa moja, na kumkana mbele ya msiba wa kaka yake lilimshinda. Kusema kweli hakuruhusiwa. Basi akafanya kile anachokifanya vizuri kuliko wote niliowafundisha. Akanyamaza.

"Ni swali rahisi, kaka," mzee Safari akasema. "Si mutihani."

Kicheko kidogo. Mama mmoja wa meza ya katikati akasema, "Acheni kumutesa, anaona haya," na mwenzake akadakia, "Haya ya nini? Mwanamume hawezi kusema anamujua mujane namna gani? Basi tuulize habari ya ng'ombe wa mahari!" Hapo ukumbi ukacheka kweli. Nilimwona Neema, binti mkubwa, akiinamisha kichwa hadi karibu na meza.

Mama Neema akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Muache uyu mutoto," akasema. "Ni munganga wangu wa mawazo. Ninaendaka kwake kila Alhamisi, ninalia kule. Ndiyo maana leo munaniona ninasimama. Nani mwingine anataka kucheka?"

Neema akamvuta nguo na kumwambia kwa Kiingereza akae. Hakukaa mara moja. Mzee Safari akaiomba kwaya iimbe. Amani aliimba akiwa bado ameshika sahani. Baadaye niliona watu wa aina mbili: wale waliohamisha viti vyao mbali kidogo na Mama Neema, na wale waliomfuata Amani kwenye maegesho wakiuliza nafasi hupatikana siku gani.

Jumatatu Amani aliandika ripoti mwenyewe, bila kuambiwa, na hakuacha kitu, hata ng'ombe. Katika ripoti ya kituo kuna kipengele cha kudumisha usiri na mipaka. Mimi niliandika "amefikia." Claire akanipigia simu.

"Hakusema chochote, hilo nakubali," akasema. "Lakini mteja alitoa siri kwa sababu mshauri wake alikwama. Alichagua, au alilazimika?"

"Alichagua."

"Mbele ya watu wanaomcheka?"

Lilikuwa swali halali, na ningekuwa kwenye kiti chake ningeliuliza vilevile. Claire aliandika "bado." Msimamizi na mratibu wakitofautiana, jambo linakwenda kwa kamati. Kamati ilisoma ripoti zote mbili na kuomba kitu kimoja: mteja aandike na kutia sahihi kwamba alijitangaza kwa hiari yake. Wakati huo Amani alikuwa amezuiwa kuwasiliana naye hadi uamuzi utoke. Hivyo nikaenda mimi, wiki yangu ya mwisho kazini.

Mama Neema alinipa chai na kuisogeza karatasi kando ya meza kwa kidole kimoja.

"Dada, nimesaini makaratasi ya kutosha katika maisha yangu. Nilisema mbele ya batu bote. Wakitaka kujua, waulize ukumbi."

Nilipeleka jibu hilo. Claire alieleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba kamati haiwezi kumuuliza mtu yeyote wa ukumbini kama Mama Neema ni mteja wetu, kwani swali lenyewe lingekuwa uvunjaji wa siri. Kwa hiyo Doonside nzima inajua, na kamati, ambayo kazi yake ni kujua, haina ruhusa ya kuuliza.

Nilirudi mara ya pili, nikamuuliza Mama Neema lile swali la Claire kama lilivyo. Ulisema kwa sababu ulitaka, au kwa sababu walikucheka?

Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Vyote viwili," akasema. "Iko nafasi ya kuandika vyote viwili?"

Niliitazama karatasi. Ilikuwa na kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana.

Nilistaafu Ijumaa ile. Keki ilikuwepo, hotuba zilikuwepo. Amani amemaliza masomo, tasnifu yake imepita, saa zake zimetimia, na bado anapakia mizigo Minto. Kamati imekutana, imeahirisha, na imesema itakutana tena. Mama Neema amekataa mshauri mwingine, na kupitia wenzangu nasikia usingizi umeanza kumpotea. Kila wiki hupiga simu mapokezi kuthibitisha kwamba anakuja, na mapokezi hawana kanuni ya kumkatalia. Juzi nilipita kurudisha kadi ya mlango, nikautazama ubao wa vyumba. Alhamisi, saa nne asubuhi, chumba cha pili: upande wa mteja kuna herufi mbili za mwanzo za majina yake, na upande wa mshauri hakujaandikwa mtu.